Baridi ya Nyuzi 16

Jumatano iliyopita, saa nne na robo asubuhi, soko la Zombe likiwa limechangamka, mwanamume mwenye mvi alichomoka kwenye uchochoro wa nyuma ya maduka akiwa kifua wazi, leso ya mkewe kiunoni, mwiko mrefu mkononi. Wanaosoma haraka wanasema jina la leso hiyo lilihusu subira. Nyuma yake lilikuja wingu lenye kelele, nalo lilikuwa na mbio kuliko yeye.

Mwanamume huyo ndiye mwandishi wa makala haya. Angesimulia kwa nafsi ya kwanza, lakini nafsi ya kwanza ina mdomo uliovimba na jicho la kushoto ambalo hadi leo Jumapili linaona mwanga tu. Kwa hiyo kuanzia hapa ataitwa bwana huyu, kama askari anavyoandika kwenye kitabu cha matukio.

Kosa la bwana huyu ni kwamba alisikia baridi.

Kusikia baridi Zombe ni aibu hata kabla nyuki hawajaingia. Mahali penyewe ni mashariki mwa mji wa Kitui, ukishaupita mwamba wa Nzambani, ule unaosimuliwa kwamba ukiuzunguka mara saba unaondoka ukiwa wa jinsia nyingine. Ni nchi ya migunga na mibuyu, na ya mito ambayo sehemu kubwa ya mwaka hubeba mchanga badala ya maji. Mgeni akishuka garini hutamka neno moja, "Joto!", na wenyeji huliitikia kama salamu. Lakini kati ya Juni na Agosti kipupwe hufika huku pia. Upepo wa kusini-mashariki huleta mawingu alfajiri, yakajilaza juu ya vilima vya Mutito na kugoma kuondoka hadi saa nne, siku nyingine saa tano. Mabati hutoa jasho. Wazee huvaa makoti waliyonunuliwa na watoto wao walioko Nairobi, wakajifanya wameyavaa kwa heshima ya watoto.

Kipimajoto cha karakana ya bwana huyu kilisoma nyuzi 16. Alimpigia simu mpwa wake aliyeko Minnesota, ambaye ana karakana ya useremala nyumbani na anajua mambo ya kupasha moto. Kule Januari ikikolea, nyuzi huweza kushuka 20 chini ya sifuri. Gundi ya mbao hukataa kushika na rangi ya maji huganda ndani ya mkebe. Mtu asiyepasha karakana yake joto hana kazi hadi Aprili.

"Mjomba, huko ni nyuzi ngapi?"

"Kumi na sita."

"Chini ya sifuri?"

"Juu."

Kulikuwa na kimya. Kisha bwana huyu akasikia mpwa wake akiwaita watu wa nyumba nzima waje wasikilize.

Sasa, nyuzi 16 hazimuui mtu. Tatizo ni kwamba kazi ya karakana hii si mbao, ni asali. Na asali ni kitu cha ajabu. Asiyetaka habari zake na aruke aya tatu, ingawa atakuwa amekosa sehemu pekee ya makala haya ambayo mwandishi hatoki na aibu.

Ndani ya asali sukari ni karibu sehemu nne kwa tano, na maji hayafiki sehemu moja. Hicho ni kiasi cha sukari ambacho maji hayo, kwa haki, hayawezi kukibeba. Nyuki huyalazimisha. Huleta nekta iliyo nyepesi kama maji ya matunda, wakaipokezana mdomo kwa mdomo, wakaitandaza kwenye masega na kuipepea kwa mabawa usiku na mchana mpaka maji yabaki kama asilimia 17 au 18, ndipo wanapoifungia kwa kifuniko cha nta. Kinachobaki humo ni kama matatu ya kwenda Kitui mjini siku ya mnada: kila mtu ameingia, hakuna aliyeketi, na kondakta anasema bado kuna nafasi.

Abiria wenyewe ni wa aina mbili. Fruktosi ni mpole, hukubali kusimama safari nzima. Glukosi ni mkaidi, anatafuta kiti. Akiona chembe ya chavua, kipande cha nta au hata kiputo cha hewa, hujishikiza hapo. Wa pili anamfuata, wa kumi anamfuata, mpaka ndoo nzima imekuwa ngumu na nyeupe. Na hapa ndipo baridi inapoingia. Juu ya nyuzi 25 glukosi hana haraka ya kuketi. Karibu na nyuzi 5 asali ni nzito mno, hakuna anayeweza kusogea kutafuta kiti. Mahali panapomfaa kabisa ni kwenye nyuzi 14 hivi. Mtu akiagizwa ajenge chumba cha kugandishia asali kitaalamu, na apewe fedha za wafadhili, atajenga karakana ya bwana huyu, mlango kwa mlango.

Jambo hilo si mzaha. Mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Cornell, Elton Dyce, alipewa hataza Marekani mwaka 1935 kwa njia ya kuigandisha asali kwa makusudi: unaitia mbegu ya asali iliyokwisha kuganda laini, kisha unaiweka kwenye chumba cha nyuzi 14 mpaka iwe kama siagi. Huko kwao huuzwa hivyo, ikapakwa kwenye mkate, na watu hulipa zaidi. Zombe tunaigandisha bure, kwa rehema za Mungu na mabati membamba, kisha tunatukanwa.

Hapa ucheshi unamwishia bwana huyu.

Julai ya mwaka jana alipeleka chupa 40 kwa mnunuzi mmoja wa Nairobi. Zilikaa rafuni wiki mbili, zikaanza kufanya chembe chini, zikarudishwa zote kwa basi, nauli juu yake, pamoja na ujumbe wa maneno manne: "Mzee, umetia sukari hii." Arobaini! Asali iliyotoka kwenye mizinga aliyoipanda mwenyewe usiku, magoti yakitetemeka, ikakamuliwa na kuchujwa kwa kitambaa. Haikuguswa na moto, na ndiyo maana iliganda. Asali nyingi safi huganda. Ile inayobaki angavu mwaka mzima inaweza kuwa ya maua yenye fruktosi nyingi, lakini inaweza pia kuwa imechemshwa, au ni shira ya kiwandani iliyopigwa picha ya nyuki. Mnunuzi hana habari hiyo wala haitaki. Ana vipimo vyake. Huchovya kijiti cha kiberiti na kukiwasha. Hudondosha tone kwenye maji. Huweka tone sakafuni aone kama sisimizi watalikwepa, kwa imani kwamba sisimizi hawali asali ya kweli. Sisimizi, kwa taarifa yake, wanaila.

Kanuni za kimataifa za chakula, zile za Codex, zimesema tangu zamani kwamba asali inaweza kuwa ya maji, iliyoganda au mchanganyiko wa hali hizo mbili, na kwamba haipaswi kupashwa moto kiasi cha kuiharibu. Hata zimeweka kipimo. Asali ikipikwa hutokeza kemikali iitwayo kwa kifupi HMF, na mwisho wake ni miligramu 40 kwa kilo. Lakini kwa asali itokayo nchi za joto kama yetu wameruhusu 80. Yaani hata Codex haiamini kwamba Zombe kuna baridi.

Kwa hiyo mwenye asali ya kweli anapaswa kuipasha moto ili ifanane na ya mwongo. Mwaka huu mnunuzi yule yule aliagiza chupa 60, akasisitiza ziwe "angavu", zifike Ijumaa. Jumatatu bwana huyu alifungua ndoo zake nne. Zilikuwa zimeganda kama samli. Mwiko ulisimama wima bila kushikwa.

Angeweza kuzichemsha jikoni kama wafanyavyo wengi, asali ikawa nyeusi, vimeng'enya vikafa na harufu ikaishia kwenye dari. Alikataa. Wenye viwanda vya asali duniani hutumia chumba cha joto: unaziacha ndoo zikiwa zimefunikwa kwenye nyuzi 35 hadi 40 kwa siku moja au mbili, nazo hulegea polepole zikiwa na afya zao. Bwana huyu akaamua kwamba karakana yake, chumba cha hatua nne kwa tano chenye kuta za matofali na paa la mabati, itakuwa chumba cha joto.

"Si ungoje jua litoke?" mkewe aliuliza.

Alijibiwa kwamba sayansi haingojei jua.

Ikumbukwe kwamba hakuna mtu Kenya anayejua kupasha karakana moto, kwa sababu historia yote ya karakana za nchi hii ni ya kukimbia joto. Mafundi wetu wanaitwa jua kali. Rais Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji jijini Nairobi mwaka 1985, alichowaahidi kilikuwa vibanda vya kuwakinga na jua. Na Kitui yenyewe, inasemekana, ilipata jina kutokana na wahunzi waliofua chuma huko zamani; bwana huyu hadhani kama kuna mhunzi hata mmoja aliyewahi kulalamika kwamba kiwanda chake kina baridi. Bwana huyu alikuwa anaanzisha taaluma mpya.

Alianza kwa kuziba. Magunia ya ndengu yaliyokwisha kazi aliyasokomeza kati ya ukuta na mabati, dirisha akalipiga plastiki. Kisha akakopa majiko mawili ya makaa.

Jiko la kauri ni chombo cha kusifiwa. Lile la zamani la bati tupu lilikuwa likichoma chungu na miguu ya mpishi kwa usawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand, wakalipa kiuno chembamba na kulivika bati nje na udongo wa kuchoma ndani, ili joto lipande kwenye sufuria badala ya kutoroka ubavuni. Makaa ya kazi ile ile yakapungua kwa theluthi, pengine hata nusu. Msomaji makini ameshaona kasoro. Chombo kilichobuniwa kwa ufundi mkubwa ili kisimpashe joto aliyekaa pembeni ndicho bwana huyu alichokitafuta ili kipashe joto pembeni.

Na makaa ya Kitui yana siasa zake. Mwaka 2018 Gavana Charity Ngilu alipiga marufuku kuyasafirisha nje ya kaunti, malori yakazuiwa barabarani, ikawa kelele ya nchi nzima. Mti unaochomwa sana ni mgunga. Mti ambao nyuki wa huku wanautegemea sana kwa maua ni mgunga. Kwa hiyo bwana huyu alikuwa akichoma mgunga ili kuyeyusha asali ya mgunga, jambo ambalo hakulitafakari wakati huo kwa sababu alikuwa akipuliza.

Kuhusu hewa ya makaa hakufanya mzaha, wala hapa hatufanyi. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Inaishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni, na mtu husinzia tu. Kila msimu wa baridi magazeti yetu huandika habari za watu waliolala na jiko chumbani wasiamke, na makaa yaliyokuwa mekundu bila moshi hayajawa salama hata kidogo. Bwana huyu alijua. Aliacha mlango nusu wazi, akang'oa gunia moja chini ya paa ili kuwe na tundu la kupitisha hewa, akakaa nje na kuingia kwa zamu fupi fupi kutazama kipimajoto. Kwa uangalifu huo peke yake alistahili pongezi.

Ndio pia uliomponza.

Saa tatu na nusu kipimajoto kilifika nyuzi 31. Alivua shati. Alipokuwa akisogeza ndoo ya kwanza, kifuniko kilifyatuka na asali iliyokwisha kulegea pembeni ikamwagika kwenye suruali, basi akaivua pia na kujifunga leso iliyokuwa imeanikwa nje. Kisha akafanya kosa ambalo hakuna chumba cha joto popote duniani kinachoruhusu: aliiacha ndoo ile wazi, akachukua mwiko na kuanza kukoroga ili aharakishe. Harufu ya asali ya moto ikapanda, ikalikuta tundu chini ya paa, ikatoka kwenda kuzuru mtaa.

Julai ni mwezi wa njaa kwa nyuki. Maua ya mvua za Machi yamekwisha, ya vuli yako mbali, na kundi lenye njaa huwa halina adabu. Huenda kuiba mizinga ya jirani. Nyuki mpelelezi akipata hazina karibu na nyumbani hurudi na kucheza ngoma ya mduara juu ya sega. Karl von Frisch wa Austria aliichunguza ngoma hiyo miaka mingi, naye mwaka 1973 akashiriki Tuzo ya Nobel. Kwa umbali mfupi ngoma haionyeshi upande. Inasema tu: tokeni, ni karibu, inanukia hivi. Zombe nzima Jumatano hiyo kulikuwa na mahali pamoja tu panaponukia hivyo.

Saa nne mawingu yaliachia vilima na jua likatoka.

Aliingia nyuki mmoja kupitia tundu. Bwana huyu alimkaribisha kwa tabasamu la mfugaji. Wakaja kama ishirini. Akawafukuza kwa upole kwa kutumia mwiko, na mwiko ukiwa na asali, upole huo ulikuwa ni karamu. Kisha tundu likawa jeusi, hesabu ikapoteza maana, na katika kupunga akamponda mmoja kwenye ukuta.

Nyuki akichoma au akipondwa huachia harufu ya kuwaita wenzake vitani. Kemikali kubwa ndani yake ilitambuliwa mwaka 1962, na ni ile ile inayoipa ndizi mbivu harufu yake. Wafugaji wazoefu hawali ndizi siku ya kwenda mizingani. Bwana huyu alikuwa amekunywa chai kwa ndizi tatu. Kila alipopiga kelele, alikuwa anatangaza vita kwa mdomo wake mwenyewe.

Na si nyuki wa kuchezewa. Mwaka 1956 mwanasayansi Warwick Kerr alichukua malkia wa jamii hii ya nyuki wa Afrika akawapeleka Brazili, kwa nia njema kabisa ya kuongeza asali. Mwaka uliofuata makundi 26 yalitoroka. Wajukuu wao walipanda bara lote kijiji kwa kijiji hadi wakaingia Texas mwaka 1990. Marekani waliwapa jina la nyuki wauaji, wakawatengenezea filamu za kutisha. Sisi tunawaita nyuki.

Mbio zenyewe hazikuwa ndefu. Ni aibu tu iliyozirefusha. Kwenye steji ya bodaboda vijana walishusha vioo vya kofia zao kwa wakati mmoja, kama jeshi linalotoa heshima. Wauza nyanya walijifunika maturubai. Duka la kwanza lilifunga mlango, la pili lilifunga mlango likiwa na mteja nusu ndani. Mtu mmoja alipaza sauti, "Mzee, tupa mwiko!", ushauri mzuri ambao bwana huyu, kwa sababu asizozijua, aliukataa. Mlango pekee uliokuwa wazi ulikuwa wa kinu cha kusaga unga, kwa kuwa mtambo ulikuwa unanguruma na waliomo hawakusikia kilio chochote.

Aliingia kwa kichwa. Mbele yake kulikuwa na karai kubwa la unga wa mahindi, bado wa moto, wa mama mmoja mzee aliyekuwa akingoja zamu ya kufungasha. Bwana huyu, aliyepakwa asali kuanzia kidevu hadi kitovu, alitua humo.

Vumbi lilijaa chumba. Mtambo ukazimwa. Nyuki waliomfuata walizunguka ndani ya ule ukungu mweupe, wakapoteza mwelekeo, wakaanza kutoka mmoja mmoja wakiwa wamevaa kanzu za unga. Vumbi lilipotulia palikuwa na kitu kilichoketi ndani ya karai, kimeshika mwiko, kinafanana na andazi linalosubiri mafuta.

"Mwaitu, nisamehe," kilisema kitu hicho.

Yule mama alikitazama bila haraka. "Kijana," alisema, ingawa bwana huyu ana wajukuu, "hebu toka kwenye unga wangu."

Ulipimwa palepale. Gorogoro mbili hazikufaa tena. Anadaiwa.

Miiba ilikuwa 23. Mkewe aliihesabu huku akiikwangua kwa ukucha, akitaja kila namba kwa sauti, na baada ya ya ishirini na tatu akauliza kwa upole sana:

"Jua lilitoka saa ngapi?"

"Saa nne."

"Na wewe ulitoka saa ngapi?"

Saa nane mchana mwanawe wa mwisho, mwenye miaka tisa, alitumwa akatazame karakana. Makaa yalikuwa majivu. Mlango ulikuwa wazi. Mabati, bila kuombwa na mtu, yalikuwa yamepandisha chumba hadi nyuzi 38, na zile ndoo tatu zilizofunikwa zilikuwa zimeanza kulegea zenyewe. Ya nne, iliyokuwa wazi, ilikuwa imelambwa hadi ikang'aa.

Alhamisi alijaribu balbu ya wati 100 ndani ya jokofu bovu, na stima ikapotea saa mbili usiku. Ijumaa alizamisha chupa kwenye sufuria la maji moto, lebo zikabanduka. Ijumaa hiyo hiyo jioni mnunuzi alituma ujumbe kuuliza kama mzigo umepanda basi. Bwana huyu hakujibu kwa sababu kidole gumba kilikuwa hakikunjiki.

Siku hizo za kulala amezitumia kusoma, kwa jicho moja, jinsi nyuki wanavyopasha moto karakana yao, na imemuuma kuliko miiba. Kwenye majana, pale malkia alipotaga, wanashika nyuzi 34 hadi 36, iwe kipupwe iwe kiangazi. Nje ikiwa 16 au ikiwa 38, ndani haibadiliki sana. Hawana jiko. Nyuki kibarua huachanisha mabawa na misuli ya kurukia, kama dereva anayekanyaga mafuta gari likiwa halina gia, kisha anaitetemesha misuli hiyo mpaka kifua kinapata moto, mabawa yametulia tuli. Watafiti wa Würzburg nchini Ujerumani, kwa kamera za kupima joto, waliona jambo zaidi: katikati ya majana yaliyofunikwa huachwa vijumba vitupu hapa na pale, ambavyo wachunguzi wa zamani walidhani ni uzembe wa malkia. Kumbe ni vyumba vya mafundi wa joto. Nyuki huingia humo kichwa kwanza, kifua kikiwa na zaidi ya nyuzi 40, akawapasha majana ya vijumba vinavyomzunguka pande zote kwa mpigo. Akichoka anatoka, mwenzake anampa asali, anaingia mwingine. Asali ndiyo makaa yao. Na joto likizidi huleta maji, wakayatandaza na kuyapepea. Hakuna gunia lililozibwa popote, wala tundu lililosahauliwa.

Bwana huyu alikuwa akiyasoma hayo kwa sauti jana jioni, ili mkewe naye aone maajabu, ndipo mkewe alipoona bora amwambie kitu alichokuwa amekificha tangu Jumatano, kwa kuwa hakutaka kumwongezea maumivu.

Ni kwamba mtoto, wakati baba yake akiwa bado kwenye kinu, alikuwa amesimama chini ya mgunga ulio nyuma ya choo, pale unapotundikwa mzinga wa gogo ambao bwana huyu alirithi kwa babake, wenye alama ya ukoo iliyochongwa ubavuni. Mtoto aliona nyuki weupe wakiingia. Si mmoja, si wawili. Walikuwa wakitua kwa tabu kutoka upande wa sokoni, weupe pepe kama waliotoka kupaka chokaa. Wale waliotangulia hawakuwa na unga, lakini matumbo yao yalikuwa yamejaa, na walikuwa wakitoka upande wa karakana.

Bwana huyu aliuliza mtoto kama ana hakika ni mzinga wetu. Mtoto alisema ana hakika, kwa sababu alikaa hapo muda mrefu akiwatazama. Wale weupe walikuwa wakizuiwa mlangoni na nyuki walinzi, wakinuswa mbele na nyuma, wengine wakisukumwa nje mara mbili tatu kabla ya kuruhusiwa, kama vile mbwa alivyofanya langoni mchana ule baba aliporudi nyumbani.